Mtama Nilioumwaga kwenye Maombi

Siri yenyewe haimo humu. Nalisema mapema ili mwenye kusoma kwa kuitafuta asijichoshe. Nitaiita "lile jambo" mwanzo hadi mwisho, na mwenye lile jambo nitamwita Mama Upendo, jina ambalo si lake wala si la mtoto wake. Niliwahi kudhani kuficha jina kunatosha. Nitasimulia nilivyoumbuka kwa kudhani hivyo, na ndiyo maana safari hii nimebadilisha na vitu vingine ambavyo hutavijua.

Tulijuana mwaka 2011 kwenye mazoezi ya kwaya, huku kwetu Tabata. Yeye sauti ya kwanza, mimi ya pili, na wote wawili tuna mimba za kwanza, tunaomba ruhusa ya kwenda chooni kila baada ya wimbo mpaka mwalimu wa kwaya akachoka nasi. Nilipojifungua, mama yangu alikuwa Mbeya na mvua zimekata barabara. Aliyenikanda kwa maji ya moto ni Mama Upendo, na tumbo lake likiwa mbele hivi. Mtu akishakukanda, unamficha nini tena?

Baadaye tukaanzisha biashara ndogo ya kukodisha vitu vya shughuli: viti vya plastiki 80, masufuria makubwa sita, turubai moja. Tulikuwa kikoba kimoja, jumuiya moja, na Jumamosi tukipata nafasi tunakwenda Kariakoo pamoja, Mtaa wa Kongo, kushindana kuteremsha bei. Ninaeleza haya ili ieleweke nilikuwa na nini mkononi kabla sijakiangusha.

Masika ya mwaka 2019, jumamosi moja, jumuiya ilikuwa kwangu. Watu walipotawanyika mvua ikamzuia. Tukakaa kibarazani kwenye mkeka, tunachambua mchele wa chakula cha jioni. Akasema, "Shoga yangu, nina neno. Lakini liishie hapahapa kwenye mkeka."

Nikamjibu, "Mimi tena? Kwani hunijui?"

Jibu lile lilinitoka kabla sijameza mate. Niliahidi kubeba kitu nisichokijua uzito, kama mtu anayesema "nitwishe tu" bila kuangalia kama ndoo imejaa maji au zege. Akaongea muda mrefu. Alipomaliza tukagundua mchele uleule tumeuchambua mara mbili.

Sikulala vizuri usiku ule, wala uliofuata. Wengine husema siri ni mzigo. Kwangu ilikuwa kama kikohozi katikati ya mahubiri, kadiri unavyokibana ndivyo kinavyopanda. Siku ya tatu nikamwambia mume wangu. Nilijipa hoja nzuri kabisa: sisi ni mwili mmoja, kwa hiyo kumwambia yeye si kusema, ni kama kujiambia mwenyewe.

Mume wangu hakumwambia mtu. Namtetea kwa hilo mpaka leo. Lakini yeye na mume wa Mama Upendo wote ni Yanga, na hukutana banda moja kuangalia mpira. Jumapili ile alimlipia soda bila sababu. Akamshika bega. Akamwambia, "Ndugu yangu, Mungu yupo." Mwanaume yule si mtoto. Alirudi nyumbani akamuuliza mkewe, "Kwani shoga yako anajua nini?" Hatukutoa hata neno moja, ila huruma yetu ilikuwa imeshasema.

Kwa hiyo nakupa hili hapahapa, kabla sijaendelea. Rafiki akianza kukuambia jambo zito, muulize uso kwa uso: "Baba watoto nimwambie au nisimwambie?" Usijiamulie. Wapo watakaosema mwambie, atusaidie kuomba. Wengi watasema hapana, na hapana yao haiivunji ndoa yako. Mimi siku hizi nikimwona mume wangu ananitazama kwa kuuliza, namwambia, "Kuna jambo la mtu nimepewa, si langu." Nilidhani atanuna. Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Sasa nifike kwenye Jumatano.

Tulikuwa na kundi la maombi, wanawake saba pamoja nami. Tunaamka saa kumi na moja alfajiri, kila mtu kwake, na mahitaji tunatumiana kwenye WhatsApp. Jumatano ile nilishika simu nikarekodi. Naikumbuka sauti yangu ilivyokuwa, ya chini, ya upole, ya mtu anayebeba msalaba. "Wapendwa, Bwana asifiwe. Naomba tubebe mzigo wa mpendwa wetu mmoja, sitamtaja jina. Ana watoto watatu, huyu mkubwa anaingia darasa la pili, mume wake ni mtu wa safari safari, na wamehamia nyumba yao mwaka jana tu..." Kisha nikaeleza lile jambo.

Sitamtaja jina! Nilikuwa nimebakiza kusoma namba yake ya NIDA.

Majibu yakaanza kuingia. "Ee Yesu." "Mungu wangu, tusaidie." Halafu mmoja akaandika, "Dada, tupe zaidi tujue namna ya kuomba." Nami nikatoa zaidi. Nikarekodi tena, dakika mbili na ushee. Mungu ambaye Luka anasema amehesabu hata nywele za vichwa vyetu, mimi nilikuwa namsaidia kwa kumwambia mtoto yuko darasa la ngapi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa na mzigo kweli, sikuigiza. Ningeweza kuishia hapo na wengi wangenielewa. Lakini palikuwa na kitu cha pili, na kukikubali kulinichukua karibu mwaka mzima: utamu. Wanawake sita wamenyamaza wananisubiri mimi. Wananiita "dada". Kwa dakika zile nilikuwa mtu muhimu, mtu anayeaminiwa mambo makubwa. Ni ajabu sana kwamba nilionyesha kuwa ninaaminika kwa kutumia njia ileile iliyothibitisha kuwa siaminiki. Mama mwenzangu anayesoma haya, ukishaisikia sauti yako inateremka na kuwa ya upole kupita kawaida wakati unasimulia ya mwenzako, simama hapo. Mimi hiyo ndiyo dalili yangu. Ya kwako huenda ni nyingine, lakini ipo.

Sauti ile ikatembea. Mmoja aliipeleka kwa dada yake, kwa ajili ya maombi. Dada akaipeleka kwenye kundi la mikesha, kwa ajili ya maombi. Hakuna hata mmoja aliyetumwa na shetani mwenye pembe. Kila aliyeisukuma mbele aliisukuma na "Amina". Jumamosi jioni ilikuwa imefika Morogoro kwa mama mkwe wake, karibu kilomita 190. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro mwaka 2024. Neno langu liliwahi kwa miaka mitano, na halikulipa nauli.

Mama mkwe akapiga simu kwa mwanawe. Yaliyotokea ndani ya nyumba ile wiki iliyofuata si yangu kuyasimulia. Nitasema tu kwamba kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Jumapili ile sauti ya kwanza ilipwaya.

Jioni yake alikuja kwangu kurudisha sufuria langu. Alikuwa amelisugua mpaka linang'aa, na ukipewa chombo chako kikiwa kimesuguliwa namna ile, jua kuna mtu hataki kubaki na chochote chako. Hakuingia. Alisimama mlangoni kajifunga kanga, na kanga imeandikwa "Mdomo uliponza kichwa." Mimi ni mtu wa bara niliyehamia, lugha ya kanga nimejifunza ukubwani, lakini siku ile nilisoma bila miwani. Akasema "Haya, usiku mwema," akaondoka. Nikaingia ndani, nikakuta kwenye simu amejitoa kwenye kundi la jumuiya, la kwaya na la kikoba, yote matatu ndani ya dakika moja.

Hapo ningetulia, pengine mambo yangekuwa mepesi kidogo. Sikutulia. Nilikwenda kuomba radhi, na niliomba vibaya kuliko nilivyokosa.

Kwanza sikwenda peke yangu. Nilimchukua mama mchungaji na wazee wa kanisa wawili, eti tuwe na mashahidi wa upatanisho. Tulibeba na sukari na mchele kama watu wanaokwenda msibani. Mama Upendo alitukaribisha, akatupa maji ya kunywa, akasikiliza utangulizi wote wa mzee wa kanisa. Kisha akaniangalia mimi: "Ulisema kwa watu sita. Leo umekuja na watu watatu ambao walikuwa hawajui. Sasa wamefika tisa."

Sikuwa na la kujibu, kwa hiyo nikajibu. Nikasema nilikuwa na nia njema. Yeye alikuwa anaeleza anavyoumia, mimi naeleza nilivyo mwema. Mwishowe nikamfungulia Mathayo 18, saba mara sabini. Nilimtwanga kwa Biblia mtu niliyemjeruhi mwenyewe. Nyumbani usiku nikaisoma sura ile kwa utulivu. Mistari saba tu juu ya ule niliomsomea, mstari wa 15, unahusu ndugu aliyekukosea, na hata huyo mkosaji anastahili kuonywa "wewe na yeye peke yenu". Mkosaji anapewa faragha. Mama Upendo hakuwa amenikosea lolote, na mimi nilimpelekea wajumbe.

Gharama niziseme, maana tukisimulia mambo ya kiroho huwa tunaziruka. Biashara tuligawana. Viti 40 kwake, 40 kwangu, masufuria matatu matatu, na turubai nikalilipia nusu yake. Ukweli ni kwamba hakuna msiba wala ubarikio wa Dar es Salaam unaotosha kwa viti 40. Wateja wakawa wanakwenda kwa wengine, na ndani ya miezi minane viti vyangu niliviuza kwa bei ya kutupa. Kwenye kikoba nilikuwa nimemdhamini mkopo, naye alipojitoa hakutaka niguswe. Akalipa rejesho lote kwa mkupuo, na nilijua fedha ile aliitoa wapi na aliitunza kwa ajili gani. Binti yangu naye akapoteza rafiki yake wa kwanza duniani. Aliniuliza kwa nini hawachezi tena. Nikamwambia wamehama ratiba. Ukiwa umeanguka kwa maneno, hata mtoto wako unajikuta unamdanganya.

Nafasi ya ukatibu wa umoja wa wanawake niliiachia mwenyewe. Hakuna aliyenifukuza. Baadhi waliniambia napokea adhabu kubwa kuliko kosa, kwani ni nani ambaye hajawahi kuteleza mdomo? Nilikuwa natamani sana kuwaamini.

Aliyenifungua akili hakuwa mpendwa wa kanisani. Ni jirani yetu, mama wa Kiislamu mtu mzima, mzaliwa wa hapa pwani, ambaye mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa. Huuza maandazi alfajiri. Siku moja nilikuwa nasubiri ya moto yatoke, akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama anasema bei ya unga: "Yale ya mwenzio, mimi nimeyajua tangu mwaka juzi."

Nikashtuka. Aliyaona kwa macho yake, nyumba zinatazamana. Miaka miwili anauza maandazi kwa mtaa mzima, anakaa na wanawake wa kila namna, na hakuna aliyesikia. Nikamuuliza aliwezaje.

"Kuna kuweza gani? Ukimkuta mtu uchi, unamtupia kanga, unageuka. Unamuuliza nguo zake zimekwenda wapi? Unaita watu mje tumtafutie nguo?" Akageuza andazi. "Hiyo ndiyo sitara, mwanangu. Kwenu haipo?"

Kwetu ipo. Mithali 11:13 inasema mwenye roho ya uaminifu husitiri mambo, neno lilelile la Bi Mkubwa. Nilikuwa nimelisoma tangu kipaimara nikidhani kusitiri maana yake ni kunyamaza. Ila mstari uliokuja kunikaa ulikuwa Mwanzo 9. Nuhu amelewa, amelala uchi hemani. Hamu anaingia, anaona, anatoka nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wanachukua nguo, wanaitandika mabegani, wanaingia kinyumenyume ili wasione, wanamfunika baba yao. Kila nikimhukumu Hamu najiambia, labda naye alitoka nje kuomba msaada. Labda alisema, "Jamani, njooni tumwombee mzee." Biblia haisemi alicheka. Inasema aliona, akasema.

Kinyumenyume, ndilo neno nililotoka nalo pale. Ni kazi kutembea hivyo. Unajikwaa.

Nikaanza kukusanya mtama niliomwagia kuku, nikijua kuku wameshakula. Nilimtafuta kila mmoja wa wale sita, mmoja mmoja, wanne ana kwa ana na wawili kwa simu. Sikuitisha kikao. Nilisema: "Sauti ile nilikosea kuituma, haikuwa yangu. Naomba uifute, na kama ulimpelekea mtu, mwombe naye aifute." Mmoja alinuna, akasema yeye si mmbea. Mwingine alilia. Mmoja aliniuliza palepale, "Lakini sasa waliishia wapi?" Nikacheka na kuumia kwa pamoja.

Kwa Mama Upendo niliandika barua kwa mkono, sentensi nne. Nilisema nini. Niliwaambia kina nani, kwa majina, ili ajue uvujaji umefika wapi na asiishi kwa kubahatisha. Kosa ni langu. Sihitaji jibu. Hamkuwa na "lakini", wala mstari wa Biblia, wala nia njema. Naamini ile ya majina ndiyo iliyomsaidia zaidi, maana mtu aliyevuliwa nguo hadharani hutembea akidhani kila anayemtazama alikuwepo.

Hakujibu. Mwaka ukapita, na ulikuwa mwaka 2020 na mambo yake ya barakoa na kutokupeana mikono, kwa hiyo hata kukwepana kulikuwa na kisingizio.

Mwaka uliofuata, saa tano usiku, simu ikaita. "Uko macho?" Mama yake mzazi alikuwa amelazwa Muhimbili, ndugu wako mikoani, anahitaji mtu wa kupokezana naye. Hakusema amenisamehe. Nilivaa, mume wangu akanipeleka.

Siku kumi na moja tulipokezana. Mimi asubuhi na chupa ya uji, yeye jioni akitoka kazini. Tuliongea mambo ya dawa, shuka na nauli tu. Watu wa kanisani walipojua ninakwenda wakaanza kunipigia: mama anaumwa nini hasa, wamepima nini, hali ikoje. Jibu langu lilikuwa moja, "Mpigie mwenyewe, atafurahi kukusikia." Siku ya saba hivi, nikiwa nakunja shuka, akaniambia, "Nimesikia unawajibu watu nini." Basi. Akaendelea kumlisha mama yake.

Jibu lile lilinifundisha kitu ambacho ningependa ukichukue. Sisi Wakristo tunabanwa pande mbili: siri hatutakiwi kuitoa, na uongo hatutakiwi kuusema. Mtu akikuuliza, "Eti ni kweli fulani ana hivi?" ukajibu "sijui" wakati unajua, umedanganya. Ukinyamaza, umekubali. Dawa niliyoipata ni kujibu maswali yote ya namna hiyo kwa jibu lilelile, hata yale ambayo ni uzushi mtupu. "Muulize mwenyewe." Ukikanusha ya uongo na kunyamazia ya kweli, mtu mwenye akili anahesabu tu unaponyamaza. Mwanzoni watakuona unaringa. Watazoea.

Mengine ni madogo lakini ndiyo yanayovuja. Sirekodi sauti ya jambo la mtu, kwa yeyote, kwa sababu yoyote. Mwanangu hushika simu yangu kucheza gemu, kwa hiyo mtu akinitumia jambo zito nampigia, kisha nafuta. Simu ya namna hiyo siipokei ndani ya daladala. Foleni ya Buguruni saa moja jioni, watu wamebanana kimya, hata konda ameacha kuita, wewe unasema "pole sana, kwa hiyo daktari amesemaje?" Nusu ya gari wanashuka Segerea na wewe. Na saluni ndiyo usiseme, maana ukishakaa chini unasukwa kwa saa nne nzima, ulimi unatafuta kazi.

Maombi sikuyaacha. Ila sasa namuuliza mwenyewe: "Naomba nikuombee na wenzangu au peke yangu? Kama na wenzangu, niseme nini?" Mara nyingine anasema useme tu kuna safari. Basi inakuwa safari. Na nikizidiwa, kundini naleta la kwangu, si la mwenye siri: "Niombeeni mimi, moyo wangu umechoka." Anayeuliza zaidi namwambia, "Hilo linatosha." Na lipo swali nalitanguliza kabla ya kupokea jambo zito: "Likinizidi nguvu, nimwendee nani?" Mwenye siri anachagua mwenyewe. Mmoja alimchagua shangazi yangu Mbeya, ambaye hamjui mtu yeyote huku. Mwingine akasema hakuna. Nikamwambia basi naomba usiniambie yote, niambie kiasi ninachoweza kulala nacho. Hakuchukia. Daktari ana maadili ya kazi yanayombana, padre wa Kikatoliki akitoa ya kitubio anajitenga na kanisa lake. Rafiki hana kinachomshika ila nafsi yake, na ni haki yake kuipima nguvu kabla ya kuahidi.

Ila nisije nikakupeleka upande wa pili ukaangukia huko. Mwaka 2022 nilikuwa nasaidia darasa la kipaimara, binti mmoja akanifuata akasema, "Mama, nikwambie kitu lakini usimwambie mtu." Zamani ningesema "Mimi tena?" Safari hii nilimshika mkono nikamwambia kabla hajaanza: "Kama kuna mtu anakuumiza, siwezi kubaki nalo peke yangu. Lakini sitasema kwa mtu bila kukwambia kwanza ni nani na kwa nini." Akafikiri kidogo. Akaniambia.

Sitasimulia. Nitataja njia tu, kwa sababu mimi nilihangaika kuijua na saa zilikuwa zinakwenda. Namba 116 ni ya bure, ni ya huduma kwa mtoto, unapiga unaeleza. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na ukifika hapo unaweza kuomba uongee pembeni, si kaunta. Aliyeumizwa hupewa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu, lakini kama hali ni mbaya anzia hospitali. Yupo pia afisa ustawi wa jamii. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote aliyeona haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa serikali za mitaa, kwa hiyo si suala la kupenda.

Palitokea watu wazima, tena watu ninaowaheshimu, wakasema tuyamalize kanisani, tumsitiri ndugu yetu. Lile neno la Bi Mkubwa, mikononi mwao! Niliwajibu kwa ukali ambao sikujua ninao. Sitara ni ya aliyevuliwa nguo. Aliyemvua hana sitara kwangu. Hata hivyo jina la binti, darasa lake na mtaa wake havijawahi kutoka kinywani kwangu nje ya wale waliopaswa kuvijua, na walikuwa wanne.

Mimi na Mama Upendo tunasalimiana, tunatembeleana, msiba wa mama yake nilipika. Viti havikurudi. Yapo mambo najua hataniambia tena. Zamani angenipigia kabla hajamaliza kulia, siku hizi napata habari mambo yakishatulia, kama watu wengine. Sijamuuliza.

Haya maandishi nilimpelekea ayasome kabla ya mtu yeyote. Nilikwenda nayo mwenyewe, peke yangu, yakiwa kwenye karatasi. Alisoma polepole, kalamu mkononi, akacheka pale kwenye namba ya NIDA. Akakata mistari mitatu. Wa kwanza ulimhusu mama mkwe, nikaelewa. Wa pili ulitaja kitu alichovaa siku ile ya mkeka, nikaelewa pia. Wa tatu sikuona una ubaya gani. Nikaufuta bila kuuliza.